Wiki ya Pipa Jekundu

Jumatatu, 8 Januari

Nepi zimefika! Za kitambaa, rundo zima, zina picha za kasuku wa waridi, kutoka kwa mama mmoja wa mji wa Kadina ambaye mwanawe ameshakua. Nimezificha bandani nyuma ya mizinga ya nyuki. (Nyuki waliondoka wenyewe. Si kosa langu.)

Shida ni Bron. Krismasi nilimsikia kwa masikio yangu akimwambia dada yake kwamba mtu anayefua nepi zama hizi ana lake jambo, na kwamba ndoo ya kinyesi haitaingia bafuni mwake maadamu yu hai. Mke wangu akisema maadamu yu hai, hatanii. Mwanamke kama huyo humwendei kichwakichwa. Anahitaji mkakati.

Nahangaikia nini? Hiki hapa. Jumatatu ya tarehe 22 Bron anarudi kazini duka la dawa. Mimi nimepewa likizo kule kwenye maghala ya ngano ili nikae na Tilly, binti yetu, ambaye ndiyo kwanza anajifunza kukaa bila kuanguka. Hayo ndiyo makubaliano. Au niseme ndiyo makubaliano yangu. Bron anasema "tutaona". Na mama yake, Noreen, yuko Port Pirie na sanduku lake limefungwa tangu siku mtoto alipozaliwa. Simu moja tu na mama mkwe kaingia chumba cha wageni, na huyo hatoki tena.

Namtaka binti yangu. Nataka Bron aondoke asubuhi ile bila kugeuka kutazama dirishani. Sasa fikiria: baba anayefua nepi kwa mikono yake, nani atathubutu kumletea msimamizi? Hayupo. Nepi ndizo zitakazoniokoa.

Jioni Bron aliingia bandani kutafuta mkasi wa majani, akaziona. Akauliza hivi ni nini. Nikasema vitambaa vya kufutia gari. Akashika kimoja, akatazama kasuku, akatazama vifungo, akanitazama mimi. Akasema gari letu lina bahati.

Siwezi kukaa. Nimezunguka uani mpaka mbwa wa jirani amechoka kunibwekea.

Jumanne, 9 Januari

Wazo! Shahidi! Bron hanisikilizi mimi, lakini mama yake humsikiliza. Na Noreen alilea watoto wanne kwa nepi za taulo na pini. Najua, najua, kumwalika Noreen ni kumfungulia chui mlango wa zizi. Ila mkakati ni mkakati. Nikampigia simu, nikamkaribisha chakula cha mchana.

Alifika na sanduku. Nikamwambia ni chakula cha mchana tu, mama. Akasema halina uzito.

Tukala nyama baridi na mboga ya biti. Nikasubiri Bron ashibe, kisha nikasema kwa sauti ya mtu asiye na haja: mama, hebu tusimulie enzi zile za nepi za taulo, mambo yalivyokuwa mazuri. Noreen akaweka uma chini. Akasimulia vumbi jekundu lililokuwa likitua juu ya nepi zilizokwisha kuanikwa, hivyo anazifua upya. Akasimulia vidole vilivyopasuka, na mume aliyekuwa akinusa hewa na kutangaza kwamba mtoto anahitaji mama yake. Akasimulia siku pampasi zilipoletwa dukani mara ya kwanza: alilia pale pale kwenye kaunta, na muuzaji akalia naye. Hapo tena machozi yakamtoka, juu ya biti zangu!

Akauliza kwa nini nataka kujua. Bron akamwambia, "Errol siku hizi anapenda vitambaa vya kufutia gari, mama." Wakacheka wote wawili. Tilly naye akacheka, na hajui hata gari ni nini.

Noreen ameondoka. Sanduku limebaki, eti la dharura. Limekaa katikati ya chumba cha wageni. Nimelifunika blanketi lakini bado naliona.

Jumatano, 10 Januari

Sikulala. Lakini akili ni nywele, kila mtu ana zake, na zangu leo zimesimama!

Maneno hayamwingii Bron. Pua itamwingia. Pipa jekundu la taka hubebwa mara moja kila wiki mbili. Wiki ya katikati ni zamu ya pipa la njano, la makopo na karatasi. Nimepiga simu halmashauri kuhakikisha: kesho ni jekundu. Pipa letu jekundu limejaa pampasi hadi mfuniko haufungi. Redio inasema joto linapanda mpaka Jumapili. Je, lori lisipolibeba? Wiki mbili nyingine! Ifikapo Ijumaa Bron atakuwa amepiga magoti akiomba nepi safi za kitambaa, na mimi nitamwambia, kwa upole, ngoja nikatazame bandani.

Nikiliacha ndani ya geti Bron ataliona. Basi nitatoa la njano na kusema nimekosea. Mtaani kwetu kukosea wiki si jambo la kushangaza. Kalenda ya halmashauri hakuna aliye nayo. Kila mtu hutazama Merv Oates wa nyumba ya kona, mstaafu wa reli, ametoa pipa gani. Merv akitoa jekundu, mtaa mzima jekundu. Hajawahi kukosea, na hakuachi usahau hilo. Nyumba yetu inafuata ya kwake, na miaka yote hii nimevumilia anavyonisahihisha jinsi magurudumu ya pipa yanavyopaswa kuelekea. Lakini wiki hii Merv yuko Adelaide, wanamtengeneza goti. Hakuna wa kunisahihisha!

Saa kumi alasiri, Bron akimwogesha Tilly, nimelisukuma la njano barabarani. Magurudumu yameelekea nyumba, sawasawa kabisa.

Baadaye, nikichungulia dirishani, nimeona jambo la ajabu. Deidre wa ng'ambo ya barabara alikuwa ametoka na pipa lake jekundu. Akasimama. Akatazama upande wetu. Akalirudisha ndani, akatoa la njano. Wanawake hawajui wanachotaka.

Alhamisi, 11 Januari

Balaa.

Lori lilikuja saa moja. Nilikuwa dirishani na chai yangu. Ule mkono wa chuma umenyooshwa, tayari kunyanyua. Likapita nyumba ya Merv, likapita kwetu, likapita kwa Deidre, likaenda hadi mwisho wa mtaa bila kushika pipa hata moja. Kote njano! Njano upande huu, njano upande ule! Dereva akasimamisha lori, akashuka, akatazama mtaa kwa muda mrefu akila pai yake ya nyama. Kisha akapanda akaenda zake.

Walitoka wote na nguo za kulalia. Deidre alikuwa na hali mbaya kuliko wengine. Hapa pwani kila mtu anajua kwamba maganda ya kaa hukaa kwenye friza mpaka mkesha wa pipa jekundu, na yeye alikuwa ameshayatoa maganda ya kaa wote aliovua mumewe sikukuu nzima, yamo ndani ya pipa lake yanayeyuka. Akataka kujua, kwa sauti ya kusikika hadi ufukweni, ni nani aliyeanza kutoa la njano. Mtu akasema Merv. Wakakumbuka Merv yuko Adelaide. Nikatikisa kichwa kwa huzuni, nikasema hata mimi nimedanganyika.

Bron alikuwa mlangoni na Tilly kiunoni. Alinusa hewa tu, kama baharia.

Ijumaa, 12 Januari

Nyuzi arobaini na tatu. Pipa letu linasikika kabla halijaonekana. Nzi wamekuja hadi wale wa mji wa jirani. Kwa Deidre sitaki kuandika. Dhamiri inanisumbua, ila kidogo tu, maana mkakati unafanya kazi! Kila saa nilipita karibu na Bron nikisema, lo, mbona leo kuna kaharufu. Nikangoja apige magoti.

Hakupiga magoti. Baada ya chakula nilikwenda bandani kuchukua soseji kwenye friza ninamoweka chambo na samaki. Soseji hazipo! Friza imejaa vifurushi vya gazeti, vimefungwa kwa kamba, vimepangwa kama mikate dukani. Nikamuuliza Bron. Akasema ni pampasi. Amezikunja, amezifunga, amezigandisha. Akaniuliza kwani maganda ya kaa yana tofauti gani na hayo. Akasema baba yake alifunga samaki namna hiyo miaka yote na nyumba yao haikunuka hata siku moja.

Soseji zangu amempelekea Deidre, kumpa pole.

Nimeoa binti wa mvuvi na sikulitia hilo katika hesabu. Nimezunguka banda mara nyingi nikifikiri. Friza ina nafasi ya wiki mbili. Wiki mbili kamili! Mke huyu ni ukuta.

Jumamosi, 13 Januari

Merv amerudi. Goti jipya, magongo mawili, na furaha isiyo ya kawaida. Alipita mtaa mzima polepole akinusa pipa moja baada ya jingine kama daktari wodini. Watu walimletea kiti. Akakaa kivulini, barabarani kabisa, akasikiliza mashahidi.

Nilikuwa namwagilia maua ambayo hatuna, ili nisikie. Merv akasema swali si nani alitoa la njano. Wote walitoa. Swali ni nani alitoa mapema, kwa sababu mtaa hufuata wa kwanza. Akauliza nani alikumbuka saa. Deidre akasema yeye alitoka kama saa kumi na moja, na tayari kulikuwa na moja nje. Akafikiria. Akaanza kugeuza shingo.

Nikaingia ndani. Nimebadilisha shati mara mbili kwa jasho. Bron ameuliza kama naumwa. Nikasema ni joto. Akanishika paji la uso, akasema pumzika, bwana, Jumatatu ya tarehe 22 nataka uwe mzima. Nataka uwe mzima! Maana yake nini? Maana yake ni mimi! Alikuwa karibu kabisa kusema ndiyo! Nikambusu. Nikatoka tena nje kuhakikisha Deidre hatazami.

Anatazama.

Jumapili, 14 Januari

Lazima Merv anyamazishwe, na mkono mtupu haulambwi. Nikakumbuka samaki wangu wa Desemba, minofu mizuri, nayo imefungwa gazetini, bado ipo kwenye friza. Nikaamka kabla ya Bron, nikachukua kifurushi cha chini, nikampelekea Merv mlangoni. Nikamwambia pole na goti, mzee wangu, jirani ni jirani.

Macho yakamlegea! Akasema hajawahi kunidhania. Akasema kumbe mtu anaweza kuishi karibu na mwenzake miaka mingi bila kumjua. Akasema leo ana wageni, mwanawe na mkwewe kutoka Adelaide, ataiyeyusha mezani na kuikaanga jioni kwa siagi na limau. Tukapeana mikono.

Nimetulia kwa mara ya kwanza wiki hii. Nimelala mchana. Tilly alilala kifuani kwangu, moto kama mkate, na nikawaza kwamba siku zote zinaweza kuwa hivi. Nilikuwa na raha kweli, naandika bila aibu.

Jumapili hiyo hiyo, baada ya chai ya jioni



Kengele ililia. Alikuwa Merv, kwa gongo moja. Mkono wa pili ulishika koleo refu la kuchomea nyama, na kwenye koleo ilining'inia pampasi, imeyeyuka. Nyuma yake mwanawe na mkwewe. Nyuma yao Deidre, sijui alitokea wapi. Merv akamwambia Bron kwamba amekuja kurudisha samaki.

Kilichofuata kilikwenda kasi. Bron akaomba radhi, akaeleza kwamba amezigandisha kwa sababu pipa halikubebwa. Merv akasema, naam, pipa. Akasema pipa la njano la kwanza mtaani lilitoka nyumba hii. Bron akacheka, akasema haiwezekani, maana Errol hajawahi kutoa pipa mapema tangu tuoane. Errol hutoa pipa asubuhi, anakimbia na pajama huku lori linaondoka. Deidre akasema hapana, dada, lilikuwa nje tangu alasiri, na magurudumu yameelekea nyumba.

"Yameelekea nyumba?" Bron akauliza.

Basi akageuka kunitazama. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia hapo hapo kwenye zulia la mlangoni. Nikaeleza yote, kwa mkupuo, bila mpangilio: kasuku, biti, halmashauri, pua. Nilipofika kwenye pua Bron alianza kucheka. Akacheka mpaka akakaa chini. Merv naye akacheka, bado ameshika koleo. Nami nikacheka, nikidhani tumeelewana.

Wakaondoka. Bron akaacha kucheka. Akasema sikiliza, Errol. Akasema nepi za kitambaa hazipendi, ndiyo, na ndoo haipendi. Lakini ningemwambia waziwazi, Bron, nataka kujaribu, nafua mimi, angenuna siku moja kisha angesema haya. Ningeuliza tu. Akasema kinachomuuma si nepi. Kinachomuuma ni kujua habari za nyumba yake kutoka kwa Merv. Sauti ilimpasuka kidogo pale.

Nilijisikia mdogo kama kibanio cha nguo. Akaenda kulala na Tilly, akafunga mlango polepole, na polepole ndiyo mbaya.

Jumatano, 17 Januari

Siku tatu za adhabu. Mtaa umenihukumu: nimefunga tela nyuma ya gari, nimebeba taka za mtaa wetu wote wa Tuckfield hadi jalalani. Maganda ya Deidre yalivuja kwenye barabara kuu. Mlinzi wa jalala alinisalimia kwa jina safari ya tatu.

Lakini jana asubuhi Bron aliniwekea ndoo mlangoni pa bafu. Ndoo mpya, ya kijani, yenye mfuniko. Nikaelewa! Nikakimbia bandani, nikaleta nepi, nikamvalisha Tilly. Matako yakawa makubwa kama tikiti, miguu imetanuka kama ya mpanda farasi, na alifurahi ajabu. Ilivuja. Nikakaza vifungo. Ikavuja upande mwingine. Nikafua, nikaanika zote kwenye ule mwamvuli wa chuma wa kuanikia nguo uani, upepo ukauzungusha, kasuku wakazunguka na Tilly akapiga makofi. Kwa joto hili zilikauka kabla sijamaliza vibanio! Nilisimama pale na mwanangu mkononi nikihisi kama nimejenga nyumba.

Bron alitoka. Akaigeuza moja upande wa ndani nje, ili jua liue madoa. Akatazama kasuku wakipita. Akasema sawa, Errol. Kitambaa. Tutatumia kitambaa.

Nimeshinda!

Ndipo akaniambia kwamba amempigia simu mama yake, anahamia Jumamosi. Nikasema kwa nini, mbona nafua, mbona unaona mwenyewe ninavyoweza kumlea Tilly? Akasema anaona. Akasema Tilly ataniachia mimi, hana wasiwasi nami hata chembe.

"Mama haji kumlea Tilly," akasema. "Anakuja kukulea wewe."

Jumamosi, 20 Januari

Noreen amefika. Mara moja alichungulia ndoo, akashika pua, akaniita kijana. Amekaa kwenye kiti changu. Kila nikinyanyuka anauliza naenda wapi, na nikikaa anauliza nimekwisha kufanya nini. Nilitoka uani kupumua, akatokea dirishani. Bron anasema ni mpaka mimi na yeye tuaminiane tena, huenda Pasaka.

Pasaka!

Nimelitafakari sana neno lake la Jumapili, kwamba ningeuliza tu. Ni neno la hekima, na limenigusa. Kuanzia leo mimi ni mtu wa kusema waziwazi. Bron mwenyewe amenishauri: kama kukaa na mama kunanishinda, nimwambie mama, kwa heshima, ana kwa ana, atanielewa. Nimeahidi nitamwambia.

Nitamwambia kesho, akiamka. Sasa yuko sebuleni anaangalia kriketi na Bron, na chumba cha wageni kiko wazi. Nimekipima kile kitanda kwa macho. Kina miguu minne, skrubu mbili kila mguu, na mtu asiyepata usingizi mzuri hukumbuka kwao haraka. Nimeshalegeza mitatu.